Binadamu au Roboti: Nani Apelekwe Anga za Juu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule za sekondari wa Goma, walimu wao na wazazi ambao, kila habari ya roketi inapotangazwa redioni, huanza upya ubishi uleule: je, ni afadhali binadamu mwenyewe apande kwenda Mwezini na Mirihi, au kazi hiyo iachiwe mashine? Majibu yetu yana upande, nasi hatuufichi. Tunaona kwamba kazi inayokusudiwa ndiyo inayopaswa kuamua nani atumwe, na kwamba kwa sehemu kubwa ya kazi za leo anayefaa ni roboti. Lakini yapo mambo machache, nayo si madogo, ambayo mashine imeyashindwa ulimwengu ukitazama.

Swali hili linawahusu nini watu wa Goma?

Linatuhusu kwa sababu usalama wa mji wetu unategemea mashine na watu kwa pamoja. Mlima Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, unachunguzwa na mitambo ya kupima mitetemeko iliyowekwa kuuzunguka, na pia na satelaiti za Ulaya za Sentinel-1, ambazo hupita juu yetu zikipima kwa rada jinsi ardhi inavyovimba au kudidimia kwa sentimita chache. Vilevile wapo wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkeno cha Goma, ambao hupanda kwa miguu hadi ukingo wa kreta kutazama, kunusa na kuchukua sampuli. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, lava ilipokuwa imekwisha kusimama karibu na uwanja wa ndege, mitambo na picha za rada ndizo zilizoonyesha kwamba magma ilikuwa imejipenyeza chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu. Hofu hiyo ndiyo iliyofanya wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waamriwe kuondoka tarehe 27 Mei, wakakimbilia Sake, Rutshuru, Bukavu na ng'ambo ya mpaka. Jicho la mtu lisingeweza kuliona jambo lililokuwa likitendeka chini ya sakafu za nyumba zetu. Hata hivyo, miezi kadhaa kabla ya mlipuko, ukosefu wa fedha ulikuwa umevuruga upelekaji wa data kutoka vituo vya mlimani, na mtambo usiolipiwa intaneti hauwezi kumwonya mtu yeyote. Anayesema kwamba mashine inajitosheleza akumbuke miezi ile.

Mnaposema roboti, mnamaanisha nini hasa?

Tunamaanisha chombo chochote kinachofanya kazi angani bila mtu ndani yake: satelaiti inayoizunguka Dunia, chombo kinachoipita sayari na kuipiga picha, kituo kinachotua na kubaki mahali pamoja, au gari linalotembea juu ya mawe. Wengi hudhani kwamba roboti lazima iwe na kichwa na mikono kama mtu. Roboti za anga karibu zote hazina sura hiyo, wala haziihitaji.

Mpaka leo, ni nani aliyefika mbali zaidi?

Hapa hakuna ushindani. Yuri Gagarin aliizunguka Dunia tarehe 12 Aprili 1961 kwa safari ya dakika 108, na kati ya mwaka 1969 na 1972 wanaume 12, wote Wamarekani, walitembea juu ya uso wa Mwezi. Tangu wakati huo hakuna mguu wa mtu uliokanyaga ardhi ya ulimwengu mwingine. Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho kimekaliwa na watu bila kukatika tangu Novemba 2000, kiko umbali wa kilomita 400 hivi juu yetu, umbali ambao, kama ungelazwa chini, usingetutoa Goma hadi Kisangani.

Roboti, kwa upande wao, zimezifikia sayari zote. Voyager 1, iliyorushwa Septemba 1977, ilivuka mpaka wa upepo wa Jua mwaka 2012 na kuingia katika anga lililo kati ya nyota. Huygens, chombo cha Ulaya, kilitua Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, tarehe 14 Januari 2005. Parker, chombo cha Marekani, kililikaribia Jua mnamo Desemba 2024 hadi umbali wa kilomita milioni 6.1 tu kutoka usoni mwake. Safari hizi zote hazikuacha mjane wala yatima.

Je, zipo sehemu ambazo binadamu hatakwenda kabisa?

Zipo, na ni nyingi kuliko zile anazoweza kwenda. Katika Zuhura joto la ardhini linazidi nyuzi 450 na mkandamizo wa hewa ni karibu mara 90 ya ule wa Dunia. Chombo cha Kisovieti Venera 13, kilichotua huko mwaka 1982, kilidumu kwa dakika 127, na wahandisi waliona huo kuwa ushindi mkubwa.

Kwa msomaji aliyekulia chini ya volkeno, mfano wa kuvutia zaidi ni Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii. Machi 1979 picha za Voyager 1 zilionyesha wingu la mlipuko likipanda pembeni mwa mwezi huo, na kwa mara ya kwanza binadamu wakaona volkeno hai nje ya Dunia. Leo zinajulikana volkeno zaidi ya 400 huko, pamoja na bonde la lava liitwalo Loki Patera, lenye upana wa kilomita 200 hivi. Mtaalamu yeyote wa volkeno angetamani kusimama ukingoni mwake. Hawezi: mionzi inayomzunguka Mshtarii ni mikali kiasi kwamba mtu aliyevaa vazi la angani angepata kipimo cha kumwua kabla siku moja haijaisha. Chombo cha Juno, ambacho sehemu zake nyeti zimefungiwa ndani ya sanduku la titani, kiliipita Io kwa umbali wa kilomita 1,500 hivi mnamo Desemba 2023 na Februari 2024, kikatuma picha Duniani.

Basi binadamu ana nini ambacho roboti haina?

Ana macho yanayoshtuka, mikono inayobadili mpango, na akili iliyo papo hapo. Maneno haya yanaweza kuonekana kuwa sifa tupu, kwa hiyo tunaeleza matukio yenyewe.

Desemba 1972, katika Apollo 17, safari ya mwisho ya mpango wa Marekani wa kupeleka watu Mwezini, alikuwepo Harrison Schmitt, mwanajiolojia pekee miongoni mwa wale 12. Karibu na kreta iitwayo Shorty, aliona kwamba vumbi la kijivu lililochokorwa na viatu lilikuwa limefunua udongo wa rangi ya chungwa. Muda wao mahali pale ulikuwa mfupi sana. Hata hivyo walichimba mtaro mdogo, wakapiga picha, wakachukua sampuli. Udongo ule ulikuwa punje ndogo za kioo cha volkeno, zilizorushwa na chemchemi za lava zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Mwaka 2008, wakati Schmitt alipokuwa mzee, watafiti waliokuwa na vifaa vipya walitangaza kwamba ndani ya punje za aina hiyo kuna dalili za maji yaliyotoka tumboni mwa Mwezi. Roboti iliyopangiwa njia yake mapema ingeweza kuupita udongo ule bila kusimama.

Tazama pia mwendo. Schmitt na mwenzake Eugene Cernan waliendesha gari lao kilomita karibu 36 katika siku 3. Opportunity, gari la roboti lililopelekwa Mirihi kwa kazi ya siku 90 na likaendelea kuanzia mwaka 2004 hadi 2018, lilitembea kilomita 45 katika miaka hiyo yote. Tunaiheshimu sana Opportunity. Lakini alichofanya mtu kwa siku, yenyewe ilikifanya kwa miaka.

Mfano wa tatu unasikitisha kidogo. Chombo cha InSight kilitua Mirihi Novemba 2018 kikiwa na kifaa cha kujipigilia ardhini hadi mita 5 ili kupima joto la ndani ya sayari. Udongo ulikuwa wa aina ambayo haikutarajiwa, kifaa kikakosa msuguano, kikawa kinarukaruka mahali pamoja. Wahandisi walijaribu kila mbinu kutoka Duniani, hata kukisukuma kwa mkono wa chombo, kwa takribani miaka miwili, hadi Januari 2021 walipokubali kwamba kimeshindikana. Mchimbaji mmoja wa Masisi aliyezoea sururu angeushughulikia udongo ule kabla ya chakula cha mchana, ikiwa tu angepewa hewa ya kuvuta.

Na darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo chenye kasoro, isingefaa kama wanaanga wasingeifuata Desemba 1993 kuirekebisha. Ilitembelewa na mafundi mara tano kwa jumla, ya mwisho mwaka 2009.

Lakini si roboti pia zimerudi na mawe ya Mwezi?

Ndiyo. Vyombo vitatu vya Kisovieti vya Luna vilileta, vyote pamoja, gramu 300 na kidogo katika miaka ya 1970, ilhali safari za Apollo zilileta kilo 382. Tofauti hiyo ilikuwa hoja kubwa ya watetezi wa wanaanga. Hata hivyo China imeanza kuidhoofisha: Chang'e 5 ilileta gramu 1,731 mwaka 2020, na Chang'e 6 ikaleta gramu 1,935 mwaka 2024 kutoka upande wa Mwezi usioonekana kutoka Duniani, mahali ambapo hakuna mwanaanga aliyewahi kutua. Uzito wa mawe si kila kitu. Mahali yalipotoka ni muhimu vilevile.

Akili unde haitaliziba pengo hilo?

Kwa sehemu, na tayari imeanza. Ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi kulingana na mahali sayari zilipo, kwa hiyo hakuna anayeweza kuendesha gari huko kwa usukani akiwa Duniani. Akiona jiwe, gari limekwisha kuligonga. Ndiyo maana Perseverance, gari la roboti lililotua Mirihi Februari 2021, hujichagulia njia yenyewe kwa sehemu kubwa ya mwendo wake, na helikopta ndogo ya Ingenuity iliyokwenda nayo iliruka mara 72 bila rubani. Kuikwepa miamba, hata hivyo, ni jambo jepesi kuliko kulishangaa jiwe moja kati ya elfu na kuelewa kwa nini linastahili kushangaliwa. Hatudai kwamba mashine haitafika hapo. Tunasema haijafika.

Gharama zinatofautianaje?

Zinatofautiana sana, kwa sababu mtu lazima abebewe hewa, maji, chakula na kinga, kisha arudishwe nyumbani. Mpango wa Apollo uligharimu takribani dola bilioni 25 za wakati ule, ambazo leo ni zaidi ya mara kadhaa ya kiasi hicho. Mkaguzi mkuu wa NASA, shirika la anga la Marekani, alikadiria mwaka 2022 kwamba kila urushaji mmoja katika safari za kwanza za Artemis, mpango wa kurudisha watu Mwezini, ungegharimu dola bilioni 4.1, wakati Perseverance, pamoja na ujenzi, safari na kazi ya miaka yake ya kwanza, iligharimu kama bilioni 2.7. India ilitumia takribani dola milioni 75 kukitua Chandrayaan-3 karibu na ncha ya kusini ya Mwezi tarehe 23 Agosti 2023. Kwa nchi isiyo tajiri, hesabu hiyo ya mwisho ndiyo ya kusomwa mara mbili.

Mwili wa mwanaanga hupatwa na nini?

Mahali pasipo uzito mifupa hupungua, kwa asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi katika sehemu kama nyonga ikiwa mtu hafanyi mazoezi ya kutosha, na misuli hulegea. Hayo yana dawa, nayo ni jasho la kila siku. Tatizo gumu ni mionzi. Kipimo kilichochukuliwa ndani ya chombo kilichopeleka Mirihi gari la roboti la Curiosity kilionyesha kwamba safari ya kwenda na kurudi peke yake, bila kuhesabu muda wa kukaa huko, ingempa mtu milisivati (kizio cha kupimia mionzi) 660 hivi, na kikomo ambacho NASA imemwekea mwanaanga kwa maisha yake yote ya kazi ni 600.

Ni watu wangapi wamekufa?

Katika vyombo vya Marekani, watu 7 katika Challenger tarehe 28 Januari 1986 na watu 7 katika Columbia tarehe 1 Februari 2003; katika vyombo vya Kisovieti, watatu katika Soyuz 11 mwaka 1971 na Vladimir Komarov katika Soyuz 1 mwaka 1967; na Wamarekani watatu wa Apollo 1 walioungua ardhini mwaka huohuo. Wapo pia waliokufa mazoezini.

Kuna hoja kwamba binadamu ataichafua Mirihi. Ni ya kweli?

Ni ya kweli, na kwa maoni yetu haizungumzwi vya kutosha. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unazitaka nchi ziepuke kuzichafua sayari nyingine kwa namna ya kudhuru. Roboti inaweza kusafishwa kwa joto na kemikali hadi vijidudu vibaki vichache mno. Mtu hawezi kuchemshwa. Tumbo lake, ngozi yake na pumzi yake vina vijidudu vingi visivyohesabika, na siku atakapofungua mlango wa chombo chake huko, swali la iwapo Mirihi ilikuwa na uhai wake yenyewe litakuwa gumu zaidi kulijibu. Kwa hiyo tunapendelea utaratibu huu: roboti zitangulie, zichimbe, sampuli zichunguzwe, na ndipo watu wafuate. Mirija ya mawe ambayo Perseverance imeijaza bado iko Mirihi ikisubiri wa kuichukua. Ingekuwa aibu watu wafike kabla mirija hiyo haijafunguliwa maabara.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini mataifa makubwa bado yanatuma watu?

Kwa sababu ya bendera, kwanza kabisa. Marekani haikwenda Mwezini kwa mapenzi ya mawe. Ilikuwa ikishindana na Wasovieti, na muda mfupi baada ya ushindi kupatikana safari za mwisho zilizokuwa zimepangwa zilifutwa. Leo China imetangaza kwamba itatuma watu Mwezini kabla ya mwaka 2030 kwisha, na Marekani haitaki kutanguliwa. Tusijifanye kwamba sayansi ndiyo inayolipa nauli. Ila sayansi ikiwa mjanja hupanda gari hilohilo, kama alivyofanya Schmitt. Ndiyo sababu hatupingi watu kurudi Mwezini, ambako ni siku tatu tu za safari na mgonjwa anaweza kurudishwa, huku tukisita sana kuhusu Mirihi, ambako kwenda na kurudi ni kazi ya miaka miwili au mitatu bila hospitali njiani.

Je, kuna Mkongo aliyewahi kwenda anga za juu?

Hapana. Raia wa kwanza wa nchi ya Kiafrika kufika huko alikuwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, Aprili 2002, aliyejilipia safari yake.

Kongo na majirani zake wana sehemu gani katika historia hii?

Wana sehemu kubwa kuliko inavyofundishwa shuleni. Kati ya mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani iitwayo OTRAG ilirusha roketi za majaribio kutoka kaskazini mwa Shaba, kwenye uwanda ulio kando ya mto Luvua, katika eneo kubwa ililokodishwa na serikali ya Zaire. Jaribio la tatu, la Juni 1978, lilishindwa Rais Mobutu akiwa anatazama, na mwaka uliofuata kampuni ikaondolewa kwa shinikizo la mataifa mengine. Baadaye mhandisi Jean-Patrice Keka alijaribu roketi zake za Troposphère huko Menkao, mashariki mwa Kinshasa. Ile ya mwaka 2009, iliyobeba panya, ilipoteza mwelekeo muda mfupi baada ya kuruka, na maskini panya hakurudi.

Upande wa pwani, tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza nyota zinazotoa mionzi ya eksirei, nayo ilisaidia kuwaelekeza wataalamu kwenye shimo jeusi la Cygnus X-1. Kenya ilirusha satelaiti yake, Taifa-1, Aprili 2023, na Shirika la Anga la Afrika lilizinduliwa rasmi Cairo mwaka 2025. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyobeba mtu, na zilizofaulu ziliwaletea watu faida.

Fedha hizo zisingetumika kwa wenye njaa?

Fedha za Apollo hazikuwa zetu, na kama zisingetumika kwa roketi hakuna anayejua kwamba zingefika Kivu. Swali linalofaa kuulizwa hapa ni lile la fedha zetu wenyewe, na hapo tunasema bila kusita kwamba faranga ya kwanza ya Kongo katika mambo ya anga isimtafute mwanaanga. Iende kwa satelaiti na kwa watu wanaojua kuzisoma picha zake: misitu inavyokatwa, mito inavyofurika, ardhi inavyovimba chini ya Nyiragongo na Nyamulagira.

Mwanafunzi wa Goma anayetaka kazi hii aanzie wapi?

Aanze na hesabu, fizikia na jiolojia, na ajifunze kuandika programu za kompyuta mapema, hata kwa mashine ya kuazima. Picha za satelaiti za Sentinel hutolewa bure kwa mtu yeyote duniani, zile za rada zikiwemo, na programu za kuzichambua pia ni za bure. Picha hizo ni nzito, kwa hiyo ni afadhali wanafunzi kadhaa wachange vifurushi vya intaneti, wapakue eneo dogo kama mteremko wa kusini wa Nyiragongo katika tarehe mbili tofauti, kisha wazilinganishe. Mwalimu wa jiografia anaweza kulifanya hilo kuwa somo la muhula mzima, na matokeo yake yakalinganishwa na ripoti za kituo cha volkeno za miezi hiyohiyo.